Kabla ya kuchagua bajaji ya umeme, tumchague kwanza saplaya wa betri

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na vikundi vya vijana na akina mama wa hapa Mwanza, manake sa hivi kila kikao ajenda ni bajaji za umeme na bodaboda za umeme. Mimi ni fundi wa umeme wa vyombo vya moto huku Nyakato, vikundi vinanifata kuomba ushauri, na ninachokiona kinanitia hofu kweli. Watu wanalinganisha bodi, rangi, taa, redio, wanabishana bei ya chombo mpaka jioni, alafu betri wanaipokea tu ile atakayokuja nayo muuzaji. Jamani betri ndo kitu cha gharama kubwa kuliko vyote kwenye chombo cha umeme na ndo kitakachochoka wa kwanza. Mchagueni saplaya wa betri kwanza, chombo kifuate.

Haraka ya watu naielewa. Betri ya volti 72 ampia 40 (ampia-saa, yani ujazo wake) inabeba kama uniti 2.9, ukijumlisha na ule umeme unaopotea kwenye chaja tuseme uniti 3 na nusu kuijaza, na kwa mtumiaji wa kawaida uniti ya TANESCO ni mia tatu hamsini na kitu, kwa hiyo kujaza hakufiki shilingi 1,500, wakati lita moja tu ya petroli inazidi hapo mbali. Nani hataki? Ila hiyo hesabu inasimama pale tu betri inapodumu.

Na hela zenyewe nyingi ni za mkopo, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ni hela ya kurudisha. Sasa chukua bajaji yenye betri za madini ya risasi, zile nzito, ukiziendesha kila siku mpaka zinakaribia kuisha zinakupa mizunguko ya kuchaji kama 300 mpaka 500 hivi, na bajaji ya biashara inachajiwa kila siku, yani mwaka mmoja na kitu umepita zimeshakata na marejesho bado yanakudai. Lithiamu inakaa zaidi lakini hata lithiamu sio moja, na hapa naomba tuelewane vizuri. Kuna LFP, ile ya chuma na fosfeti, seli yake moja (seli ni vile vibetri vidogo vinavyounganishwa kuwa betri moja) ni volti 3.2, ni nzito kidogo kuliko mwenzie ila inavumilia, ikitengenezwa vizuri inavuka mizunguko 2,000 na haishiki moto kirahisi. Kuna NMC, yenye nikeli na kobalti, seli yake volti 3.6 hivi, ni nyepesi na inabeba umeme mwingi kwa kilo ileile lakini kwa kawaida inachoka mapema na ikiumia ni ya hatari zaidi. Kwa bajaji ya kubeba abiria kutwa nzima mimi nasema LFP bila kusita, uzito ule bajaji inaumudu. Muuzaji akikwambia tu "ni lithiamu" mwambie aseme lithiamu gani, akishindwa kujibu huyo sio saplaya, huyo ni mbeba mizigo.

Alafu seli zenyewe zimetoka wapi. Kiwandani seli zinapimwa, zile zinazolingana vizuri ndo gredi A na zilizopungua zinauzwa kwa bei ya chini, kuna watu wanazinunua hizo au wanachukua seli za mtumba kwenye magari yaliyochakaa wanazifunga upya kwenye boksi jipya linang'aa, nje limeandikwa ampia 40 ndani labda ipo 28. Hapa dukani nimefungua betri ambayo seli zake zilikuwa na tarehe tofauti tofauti za kutengenezwa. Betri ni seli zimepangwa mfululizo kama watu wanaotembea wamefungana kamba, mmoja akichoka wote wanasimama, hata kama wengine bado wana nguvu. Ndo maana kuna ile bodi ya kulinda betri, BMS, kazi yake ni kuangalia kila seli isijae kupita kiasi wala isishuke kupita kiasi, na kukata umeme kukiwa na joto kali. Na hapo kuna jambo watu hawalijui, saplaya wengine wanaifunga ile bodi kwa namba ya siri ili fundi mwingine yeyote asiweze kuisoma, kwa hiyo seli moja ikifa unapeleka betri nzima kwao. Kama kwao ni Dar ujue unasafirisha mzigo zaidi ya kilomita 1,000, na betri ya lithiamu iliyoharibika ndege haipakii. Bajaji imepaki, dereva hana hesabu ya kupeleka, kikundi hakina rejesho.

Kwa hiyo saplaya awe na stoo na fundi hapahapa Kanda ya Ziwa. Hili kwangu halina mjadala.

Watu wanadhani haya ni matatizo ya sisi wadogo, hapana. Marekani kulikuwa na kampuni ya magari inaitwa Fisker, gari lake la kwanza Karma lilitegemea betri za kampuni moja tu, A123. Betri zikaonekana zina kasoro zikarudishwa, Oktoba 2012 A123 ikafilisika, Fisker ikakosa betri ikashindwa kutengeneza magari, na mwaka 2013 yenyewe ikafilisika. Gari lilikuwa zuri kweli, ila hakuna wa kuwauzia betri. Juzijuzi tu Northvolt, kampuni ya betri ya Sweden iliyokuwa tegemeo la Ulaya, imefilisika Machi 2025, na BMW ilikuwa imeshaona dalili mapema, mwaka 2024 ikavunja oda ya euro bilioni 2 kwa sababu mzigo ulikuwa unachelewa. Na General Motors mwaka 2021 waliita magari yote ya Chevrolet Bolt yarudi kwa ajili ya hatari ya moto kwenye seli zilizotoka LG, LG wakakubali kulipa mpaka dola bilioni 1.9. Nauliza kikundi cha watu kumi na tano cha Buhongwa, betri zenu zikiwa na kasoro kuna karatasi gani mkononi inayomlazimisha mtu awalipe?

Karatasi yenyewe isomeni. "Waranti miaka mitatu" peke yake haina maana yoyote. Iandikwe betri ikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake kabla ya mizunguko fulani inabadilishwa, iandikwe ndani ya siku ngapi, na mnapewa betri gani ya kutumia wakati mnasubiri. Ombeni cheti cha jaribio la UN 38.3, hilo ni jaribio la usalama ambalo betri ya lithiamu inatakiwa iwe imepita ndo isafirishwe, mwenye mzigo halali anacho. Na kwa sababu sisi tunakaa Mwanza, angalieni kama boksi limepimwa IP67, maana yake vumbi haliingii na inaweza kuzama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa isiharibike. Anayejua Mabatini Mto Mirongo ukijaa hana haja ya kuelezwa kwa nini nasema hivi.

Kuna njia ya pili, ile ya Kigali, dereva hamiliki betri kabisa, anafika kituoni anaacha iliyoisha anapewa iliyojaa, kampuni ya Ampersand wanafanya hivyo na pikipiki tangu 2019. Naipenda hiyo, betri ikichoka mzigo ni wa kampuni. Ila hata hapo mnachagua saplaya tu, tena mnajifunga kwake zaidi, kwa hiyo ulizeni vituo viko wapi. Kituo kimoja katikati ya mji hakimsaidii mtu wa Kisesa au Usagara, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 bodaboda zinavuka kwenda upande wa Sengerema saa yoyote bila kungoja kivuko, sasa betri ikiisha ng'ambo ile utabadilisha wapi?

Halmashauri nazo naziomba kitu kimoja, afisa maendeleo ya jamii anapokagua andiko la kikundi kinachoomba mkopo wa bajaji za umeme asiridhike na proforma (karatasi ya bei) ya chombo tu, adai na mkataba wa betri pembeni, umesainiwa. Na TBS waje wapime ampia za betri zinazouzwa huku kwetu, wasiishie kusoma kilichoandikwa kwenye boksi.

Na vikundi fanyeni hivi, msilipe hata advansi. Mwambieni saplaya alete betri moja, ifungwe kwenye bajaji yenye abiria watatu, ipande Bugando, ishuke, iende Igoma na kurudi, iendelee hivyo mpaka izime yenyewe, wanachama wakiwepo wanaandika kilomita. Alafu ichajiwe hapohapo na mita ionekane imekula uniti ngapi. Kesho yake irudiwe. Saplaya atakayekubali hilo ndo mkae naye mezani muanze kuongea bei.

Fundi wa umeme wa vyombo,
Nyakato, Mwanza