Risala ya Wapigaji wa Zeze, Marimba na Galatoni kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa mtaa, wazee wetu na majirani, mbukwenyi!

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana uwanja huu kupiga muziki bila spika: zeze, marimba ya vidole gumba, filimbi, galatoni, yaani gitaa letu la kienyeji, na ngoma ya muheme. Ni muziki uleule wa Ugogo aliozunguka nao dunia marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003.

Mgeni rasmi, pasipo spika, mpangilio ndio fundi mitambo. Zeze hutangulia kwa kuwa sauti yake ni ndogo. Muheme ya akina mama hufunga, maana sikio likishashiba ngoma halisikii tena uzi. Watu hukaa nusu duara, safu tatu. Safu ya nne, tunasema kwa heshima, huja kupiga soga.

Kazi ipo kwenye kuoanisha marimba na galatoni. Galatoni ndiyo inayofuata marimba, kwa sababu uzi hukazwa mara moja, ilhali kila ulimi wa chuma wa marimba hugongwa taratibu: ukirefushwa sauti hushuka, ukifupishwa hupanda. Hata vikioana, marimba ya Kigogo ina sauti moja inayokaa chini kidogo ya ile ya galatoni iliyo jirani. Mpigaji mzoefu wa galatoni huiruka. Mgeni huing'ang'ania, kisha analaumu marimba. Halafu kuna utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu la sanduku ili marimba ivume. Ukipasuka, mvumo umekwisha, ndiyo maana mpigaji makini hubeba wa akiba kwenye kiberiti.

Kiangazi, upepo wa mashariki huchukua sauti ya zeze kabla haijafika safu ya pili, na ukavu hupasua kibuyu chake kikiachwa juani. Masika ngozi za ngoma hulegea, hivyo hupashwa moto kwanza.

Mgeni rasmi, tunaomba ukuta wa matofali upande wa mashariki, urefu mita 8 na kimo mita 2. Turubai tulilonalo hupigapiga likishikwa na upepo, likawa ngoma isiyoalikwa. Tunaomba pia mabenchi 12, na nyundo, tupa na vyuma ili mafundi wazee wafundishe vijana kutengeneza marimba. Wapigaji tunao, watengenezaji ndio wachache. Ukipatikana mgawo mdogo, uanze na vyuma, ukuta utasubiri.

Tunaomba kuwasilisha.