Kabla ya kulaumu mashimo, tukague shokapu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye magari, hasa sisi tunaoendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kufika hapa Uganda. Kila msimu wa mvua tunalalamikia mashimo ya barabara za Kampala, na malalamiko hayo ni ya haki kabisa. Hata hivyo, wengi wanaolalamika wanaendesha magari ambayo shokapu zake zilikufa zamani, na gari la namna hiyo ni hatari hata kwenye lami iliyonyooka.

Imezoeleka kudhani kuwa shokapu ni kifaa cha starehe, kwa hiyo inapochoka abiria huambiwa wavumilie. Sivyo. Anayepokea pigo la shimo ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vali zenye matundu madogo, na nguvu ya ule mdundo hugeuka kuwa joto linalopotelea hewani. Mafuta yakivuja au vali zikilika, springi hukosa wa kuizuia na tairi huanza kurukaruka, na tairi lisilogusa lami halifungi breki wala halikati kona, hata breki ziwe mpya kiasi gani. Anayetoka Kampala kwenda Jinja nyuma ya lori, pale katika msitu wa Mabira, na aliwaze hilo pindi bodaboda inapojitokeza ghafla mbele yake.

Dalili hazijifichi. Gari huinamisha pua linapofunga breki, huyumba upande linapopitwa na basi, na likishavuka tuta huendelea kupanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia. Kwenye kona za Kabale kwenda Kisoro dereva hulazimika kuurekebisha usukani kila mara ingawa haendeshi kwa kasi. Ila dalili ninayoiamini zaidi imo kwenye tairi. Pitisha kiganja taratibu juu ya kashata zake, yaani yale meno yanayogusa barabara, kuzunguka tairi lote: ukikuta sehemu zimelika na nyingine zimeinuka, kama vibonde na vilima vinavyofuatana, tairi hilo limekuwa likidunda barabarani. Mwenye gari hununua tairi jipya, nalo huisha vilevile, kisha akamlaumu muuzaji.

Lile jaribio la kukandamiza kona ya gari kwa uzito wa mwili na kuachia lina faida yake, kwani gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja likatulia. Lakini likifaulu hapo usiridhike, maana shokapu iliyochoka nusu huweza kupita mtihani huo na bado ikashindwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Chuchumaa uitazame yenyewe. Utando mwembamba wa mafuta uliokamata vumbi si kitu cha kutisha. Mafuta mabichi yanayotiririka hadi kwenye bolti ya chini yana maana moja tu.

Hapa nina ugomvi na baadhi ya mafundi wetu. Wapo wanaochomeka vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi, gari likainuka, na mteja akaondoka akifurahi. Mpira huo huinua gari tu, hauzuii mdundo hata kidogo. Wapo pia wanaotoboa shokapu kuukuu, wakaijaza mafuta yoyote yaliyopo na kuichomelea, ilhali sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) na vali ni zilezile zilizochakaa. Nao wanaonunua shokapu zilizotumika wafikirie kidogo. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini la miaka 12 huingia kihalali, na shokapu iliyofunguliwa kwenye gari la umri huo ni kuukuu hata ikisuguliwa ikang'aa. Afadhali kununua mpya mbili za mbele mwezi huu na mbili za nyuma baadaye, kuliko nne za mtumba.

Nasema mbili kwa sababu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, la sivyo upande mmoja utakuwa mgumu na mwingine mlegevu, na gari litavuta kila breki inapokanyagwa. Pale ambapo shokapu imepita katikati ya springi, fundi asiye na kibanio madhubuti cha springi asiguse kazi hiyo, kwa kuwa springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua. Mwangalie pia anavyokaza nati ya juu. Akiushika mti unaong'aa wa shokapu kwa koleo ili usizunguke, atauchubua, mchubuko huo utakata sili, na shokapu mpya itaanza kuvuja mapema. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki, kwani bushi zikikazwa gari likining'inia, hujipinda likishushwa na hupasuka mapema. Baada ya shokapu za mbele kubadilishwa, gari lipelekwe kupimwa alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Anayekwepa gharama hiyo atailipa kwa matairi.

Mwishoni, mwenye gari aondoke na shokapu zake kuukuu hata kama hana pa kuziweka. Zikiachwa gereji, hakuna wa kumhakikishia kwamba hazitapakwa rangi nyeusi na kuuzwa kwa mteja mwingine.

Msomaji wako,
Mukono