Kuta zetu nazo ziongee

Ndugu Mhariri, mimi fundi marumaru hapa Dodoma, juzi kijana wangu kanionyesha kwenye simu picha za ukutani za enzi za Usovieti, yaani vipande vidogo vya vioo na vigae vimepangwa mpaka ukuta mzima unaongea, ngano ndo mavuno, njiwa amani, atomu sayansi, na wanaanga kibao maana Gagarin wao, mtu wa kwanza kwenda angani, alishapaa 1961. Kule Tashkent, Uzbekistan, wameweka hadi kwenye maghorofa ya kuishi watu, yaliyojengwa baada ya tetemeko la 1966. Propaganda ndio, sibishi, ila fundi kafanya kazi! Sasa sisi majengo mapya naona vioo na rangi tu, wakati zabibu tunazo, mibuyu ipo, michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Hata stendi tu jamani, ukuta mmoja, mafundi tupo.

Fundi Marumaru, Dodoma