Waukraine "wamekubali yaishe"? Hawakuulizwa hivyo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hapa kijiweni kwetu Morogoro husomwa kwa zamu, na mwenye zamu huanza na michezo. Juzi hatukufika huko. Ukurasa wa kimataifa ulikuwa na kichwa kinene, "Waukraine wakubali yaishe", na chini yake kwa herufi ndogo: "Asilimia 69 wapiga kura ya maoni kutaka vita vikome". Fundi cherehani wetu akatua kikombe cha kahawa. "Kumbe wameshapiga kura! Sasa rais wao anangoja nini?"

Fundi hana kosa. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa.

Kwetu "kura ya maoni" ni neno zito. Wakenya walipiga kura ya maoni mwaka 2010 wakapata katiba mpya. Mwaka huohuo, tarehe 31 Julai, Wazanzibari walipiga yao, ikazaa serikali ya umoja wa kitaifa. Vyama navyo vina kura za maoni za kuchuja wagombea (ingawa aliyeongoza anaweza kukatwa jina kikaoni, tuyaache hayo). Kote huko mtu anakwenda mwenyewe kupiga kura, na kura yake inahesabiwa. Kilichofanyika Ukraine Julai 2025 ni kitu kingine: taasisi ya Gallup ya Marekani ilihoji watu wazima 1,000 hivi kwa simu. Huo ni utafiti wa maoni. Uiteni hivyo.

Halafu hilo la kukubali yaishe. Mtaani, anayekubali yaishe ni mtu aliyeshindwa, amechoka kubishana, anaomba tu aachwe. Waliohojiwa hawakupewa jibu la namna hiyo. Walichaguzwa kati ya mawili: Ukraine iendelee kupigana mpaka ishinde, au itafute mazungumzo ya kumaliza vita haraka iwezekanavyo. Asilimia 69 wakachagua mazungumzo, 24 wakachagua kupigana. Mwaka 2022 mambo yalikuwa kinyume chake: 22 kwa mazungumzo, 73 kwa kupigana. Kugeuka huko ni habari kubwa na sipingi kuwekwa juu ya ukurasa. Lakini mazungumzo kwa masharti gani? Mtu aliyevamiwa shamba akisema "twendeni baraza la kata tukayazungumze", hajasema shamba nimewapa.

Na aya yenu ya tatu ilisema hasa hivyo, kwamba "wako tayari kuachia ardhi". Hapo ndipo nilipoomba gazeti nilisome mwenyewe. Waliouliza habari za ardhi ni wengine, Taasisi ya Kimataifa ya Sosholojia ya Kyiv, KIIS, Mei na Juni 2025, na walifanya jambo la maana: waliligawa swali mafungu. Kuikabidhi Urusi maeneo ambayo bado yako mikononi mwa Ukraine, asilimia 78 walikataa, 15 walikuwa tayari. Kuyatambua rasmi maeneo yaliyotekwa kuwa ni ya Urusi, 68 walikataa, 24 walikuwa tayari. Kuyaacha chini ya Urusi bila kuyatambua rasmi, 48 walikataa na 43 walikuwa tayari. Sasa mwandishi anayetaka kuonyesha kuwa Waukraine wamelegea atachukua ile 43. Anayetaka kuonyesha kuwa ni chuma atachukua 78. Wote wawili wataandika "kuachia ardhi", na hakuna atakayekuwa amebuni namba. Nimeyaona yote mawili kwenye makundi ya WhatsApp, kila upande na bendera yake.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kuwa mdadisi, wale mnaowaona wakipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Kijiji kimoja nilimkuta mama anachambua mchicha. Nikamsomea swali: anaridhika kiasi gani na huduma ya maji? "Naridhika sana," akajibu bila kuinua macho. Mwenyekiti wa kitongoji aliyenileta alikuwa bado amesimama mlangoni. Alipokwenda zake, mama akanitazama. "Mwanangu, hivi ulikuwa unauliza kweli?" Nikamwambia ndiyo, mama. "Basi andika maji hatuna."

Mama yule namkumbuka kila nikisoma takwimu za Urusi. Kituo cha Levada cha Moscow, kinachofanya tafiti za maoni na ambacho serikali ilikibandika jina la "wakala wa kigeni" mwaka 2016, kimekuwa kikipata zaidi ya asilimia 70 wanaounga mkono vitendo vya majeshi ya nchi yao huko Ukraine. Tangu Machi 2022 Urusi ina sheria inayoweza kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa kueneza "taarifa za uongo" juu ya jeshi. Sisemi namba za Levada ni za kutupa. Wale ni watu wanaoijua kazi. Ila sheria hiyo ni mwenyekiti aliyesimama mlangoni, na nyinyi mlipoandika "Warusi wote nyuma ya jeshi lao" mlimtoa kwenye picha. Tena katika tafiti hizohizo, mara nyingi zaidi ya nusu wamesema wangependelea mazungumzo ya amani kuliko mapigano kuendelea. Mtu mmoja anaweza kusema yote mawili, wala si mwongo. Nyinyi mlichapa la kwanza tu.

Ukraine nako kuna wasiofikiwa. KIIS huhoji kwenye maeneo yaliyo chini ya serikali ya Kyiv. Aliye Mariupol, mji uliotekwa na Urusi, hapigiwi simu. Mamilioni waliokimbilia Poland, Ujerumani na kwingineko hawamo pia. Kwa hiyo hata "Waukraine" kwenye kichwa cha habari ni neno pana kuliko watu waliojibu, na mstari mmoja wa kulieleza hilo ungetosha.

Nina upande wangu katika vita hivi, na kijiweni wanaujua. Fundi naye ana wake, si huu wangu. Siku ile tulibishana mpaka kashata zikaisha, kumbe tunabishania jibu la swali ambalo hakuna aliyelisoma, kwa sababu gazeti halikulichapa. Nililitafuta baadaye, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona hili hata mimi ningejibu mazungumzo?"

Kuna namba nyingine mliiacha, iliyokuwemo kwenye utafiti uleule wa Gallup. Watu waliulizwa kama wanaona mapigano yataisha ndani ya miezi 12 ijayo. Asilimia 25 walisema inawezekana, 68 walisema haielekei. Yaani wengi wanataka mazungumzo, na wengi hawatarajii vita viishe karibuni. Kichwa cha habari kilikuwa hapo hapo: "Wengi waliohojiwa Ukraine wataka mazungumzo, hawatarajii vita kuisha mwaka huu wala mapema ujao".

Ni kirefu, najua. Ile picha ya kifaru ilichukua safu tatu, mngeipunguza moja.

Wenu,
Msomaji wa kijiweni, Morogoro