Barua kwa mwanangu: vumbi la Longton

Mwanangu Atupele,

Salamu kutoka Ikombe, sote wazima. Picha za Gladstone, hicho kiwanda cha vyombo vya udongo cha Longton, huko Stoke, Uingereza, kilichogeuzwa makumbusho, nimezitazama mpaka simu ikaisha chaji. Umenisimulia kwa furaha matanuri yenye umbo la chupa, kwamba Stoke yalikuwa zaidi ya 2,000 na sasa hayafiki 50. La vumbi ukaliweka mwisho kabisa, mstari mmoja, na Jumatatu unaanza kazi kwenye kiwanda cha vikombe!

Mwalimu jirani amenisomea maandishi ya ukutani uliyoyapiga picha. Jiwe la gumegume walilichoma, wakalisaga, wakalichanganya na udongo ili vyombo viwe vyeupe. Unga wake ukishaingia mapafuni hautoki. Watu wamekohoa hadi kufa kwa ajili ya weupe wa sahani. Na waliochovya vyombo kwenye dawa ya kung'arisha yenye madini ya risasi, nao wakapata sumu.

Basi vaa barakoa. Si ya kitambaa, ile ya kiwandani inayobana usoni. Vumbi kavu usilifagie, lifute kwa maji. Usiniambie sisi Wakisi ni wafinyanzi tangu mababu. Huku udongo tunaushika ukiwa mbichi, tena nje, upepo wa Ziwa Nyasa unapita. Wewe utakuwa ndani, madirisha yamefungwa kwa baridi.

Ile picha ya zamani ya mwanamume aliyejitwika kasha la udongo la kupangia vyombo tanurini, amekunja soksi kuukuu chini ya kofia iwe ngata, shangazi zako wameipigia vigelegele. Nami najivuna, binti wa Ukisi kuitwa fundi huko. Ila u mbishi. Hata homa ulikuwa huisemi mpaka uanguke. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda hospitali, na mimi usinifiche.

Jumamosi ziwa lilichafuka, mitumbwi haikwenda soko la Lyulilo, vyungu vimejaa barazani. Fedha yako imelipa ada ya mdogo wako. Bati la jikoni litasubiri kiangazi. Mwezi huu usitume kitu, nunua barakoa kama mwajiri hatoi. Na Jumatatu jioni nitumie picha umeivaa.

Mama yako