Shukrani kwa fundi seremala wa Konde

Fundi, jina lako sikulipata. Ulipomaliza kazi ulitia randa na msumeno kikapuni ukaenda zako. Mimi ni yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo vya watoto, niliyekuja na mchoro wa kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Ulimpima mapaja kwa upole, ukauliza kwa nini magoti yakae nyuzi 90, swali ambalo hata wanafunzi wetu hulisahau. Kisha ukapiga msasa kila kona, hata nyuma pasipoguswa. Sasa nyonga zimetulia, kichwa hakimwanguki, na mama yake humlisha uji bila ya mtoto kupaliwa. Pesa ulikataa. Ahsante sana, fundi. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, wewe na wazee wako.