Saidi, hiyo betri iache kwanza

Kwako yakhe Saidi,

Assalaam alaykum. Huku Ng'ambo sote wazima. Mama anakusalimu na anauliza lile kapu la dagaa ulilomuahidi tangu Mfunguo Nne. Nimemwambia litakuja na meli. Meli gani, hilo sikumwambia.

Nakuandikia kwa ule ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku. Nimeusikiliza mara tatu. Uliposema umepata vepu, hii sigara ya umeme, yenye tangi la kujifungia mwenyewe koili, ule waya unaopasha maji ya kuvuta, nilifurahi, maana hizi koili za dukani zinatumaliza pesa: wiki mbili imeshaungua, na huko Wete nyengine huipati. Uliposema waya umeutoa kwenye jiko bovu la umeme la Bi Zuhura, nikacheka. Uliposema betri umeichokoa ndani ya kompyuta iliyokufa, kicheko kikaniishia.

Yakhe, hiyo ni 18650, kweli, umbo moja na za vepu: milimita 18 unene, 65 urefu. Umbo tu. Ya kompyuta imezoea kutoa umeme polepole, haikuundwa kutoa mwingi kwa mpigo mmoja. Hesabu ni ile ile tuliyochapwa nayo darasani: volti gawa kwa omu, yaani ukinzani wa waya, unapata ampea, yaani umeme unaopita. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.8 itavuta ampea 5 na kidogo. Ya omu 0.2 itavuta 21. Na kitu chenyewe umekishika mbele ya meno yako, na meno ndiyo hayo hayo uliyobaki nayo.

Mie koili yangu ya kwanza niliiharibu, nisikufiche. Niliacha ncha za waya ndefu, moja ikagusa sahani ya chini. Bahati changu kina ubongo ndani, kikagoma kuwaka. Kombo ananiambia chako ni bomba tupu, kitufe na betri basi. Hicho hakigomi. Hicho kinatii mpaka kinaripuka.

Sasa waya wa jiko mrudishie mwenyewe. Nakutumia Kanthal, waya maalumu wa koili, geji 26, ndio kama milimita 0.4 unene. Uzungushe kwenye biti ya drili ya milimita 3, mara sita, uje kwenye omu 0.8 hivi. Kaza skrubu, kata ncha zote, kisha pima. Pima, Saidi, kabla hujabonyeza chochote. Kipimo cha omu nakitia kwenye furushi. Halafu bonyeza kidogo kidogo uitazame: inatakiwa iwive nyekundu kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikiwiva pahala pamoja tu, ipapase kwa kibano cha kauri mpaka itulie.

Pamba ya kunyonya maji ndani ya koili ndiyo iliyonitesa. Mara ya kwanza niliishindilia kama mto wa bibi harusi, maji yakashindwa kupita, nikavuta moshi mkavu: koo mpaka leo nikikumbuka linaniwasha. Mara ya pili nikalegeza, tangi likavuja kwenye kanzu, tena nyeupe, tena Ijumaa. Ipite kwenye koili kwa kusita kidogo tu, uirovye kwanza ndipo uwashe. Na usufi wa mto wa mamako usiutie, nakujua.

Hayo uliyosema ya kutia mafuta ya karafuu kwenye tangi nilidhani unanitania. Mavuno mnayo, sawa, lakini mafuta ya kupaka jino si ya kutia pafuni. Maji ya vepu ni glisirini na propilini glaikoli, yanachanganyika na maji. Mafuta yakishuka kwenye mapafu yanatia maradhi. Sisi si tulianza haya ili tuache sigara? Na nikotini ipunguze. Ile ya miligramu 18 uliyokuwa ukivuta kwenye kalamu, ile vepu ndogo, kwenye tangi hili lenye moshi kama wa jiko la kuni, itakuzungusha kichwa. Anza na 3.

Narudi kwenye betri, nivumilie. Nakutumia mpya mbili zilizoandikwa ampea zake, ndani ya kikasha cha plastiki. Zikae humo humo. Usizitie mfukoni na funguo na sarafu, na ukiona ngozi yake ya nje imechanika, hata kidogo, ndio basi tena. Kijana wa shangazi anashuka Mkoani Jumamosi, muwahi bandarini, maana yule akikaa kidogo tu ataviuza.

Nambie basi. Ni kweli ni bomba tupu? Hiyo betri umeshaitia, au bado? Imeandikwa nini ubavuni? Omu ulipima kwa kitu gani, au ulikisia? Bi Zuhura anajua habari ya jiko lake? Na dagaa, yakhe, nimwambie nini mama?

Ni mie mwenzio,
Hamadi